Konje ya Kagabo

Siku Kagabo alimaliza kontra yake ya Louisville, alitoka mu hospitali asubuhi, akaingia mu gari, akavua viatu, na akalala palepale mu parking paka jua likamuchoma uso. Hakuwa mugonjwa. Alikuwa muchofu tu, ule uchofu wa mutu mwenye amegeuza bazee mu vitanda usiku muzima, miezi tatu, na mwenye amefunga macho ya batu benye hata habakujua jina lake. Kule banamuitaka Kay. Mwanzo alikuwa anabasahihisha. Kisha akaacha.

Kazi yake ilikuwa ya infirmier, muuguzi, wa kutembea. Ajensi inakutuma mu muji fulani, unafanya miezi tatu, kontra inakufa, unabeba mabegi yako, unatafuta ingine fasi ingine. Kati ya kontra na kontra kuko konje, mapumuziko. Hakuna mutu anakulipa ile konje, lakini ni yako, hakuna mwenye anakuita, hakuna kengele. Hii mara Kagabo alijikatia konje ya wiki tano, kubwa kuliko zote zenye alikuwa amepata. Na kontra yenye ilikuwa inamungoja nyuma yake, hakuichukua bure. Ilikuwa Buffalo. Juu Buffalo njo kulikuwa Uwera.

Uwera alikuwa binti ya muzee Sebineza. Yeye naye alikuwa mu kazi ya kutunza bazee, lakini mu manyumba yao: kubaogesha, kubalisha, kusikia hadisi zao. Alijuana na Kagabo mu ndoa ya mutu, akamucheka vile anacheza, na tangu pale ilikuwa simu, simu, simu. Miaka mbili ya simu.

Na simu yake njo ilimuamusha mu parking.

"Ulikuwa unalala?"

"Nimemaliza, Uwera. Niko mu konje. Nasikia kama nimetoka mu jela."

"Bon, Mungu asifiwe. Sasa sikia vizuri, sina wakati, niko ku kazi. Kuko batu ya Maine."

"Batu gani ya Maine?"

"Batu! Familia. Bako na kijana wao, anaendesha makamyo. Banamupigia baba simu kila siku. Banataka kukuja kushika irembo."

Kagabo akaketi vizuri.

Irembo ni mulango wa lupango, wa kiwanja cha nyumba. Kwa Banyamulenge, kabila lao, kijana akipenda binti, si yeye njo anaenda kusema. Bazee ba kwao banaenda kwa kina binti, banaketi, banapewa kinywaji, banazunguka na maneno kama batu benye habana haraka, banaongea ng'ombe na mvua na batu ba zamani, halafu musemaji wao anasema: siye tumekuja kushika irembo. Kama bazee ba binti banaitika, basi, irembo imeshikwa, hakuna mwenye atapita tena pale. Kijana mwenyewe siku ile anabakia kwao. Mwenye hana baba anatuma baba mukubwa. Mwenye hana baba mukubwa anaazima muzee ku kanisa. Mukae Amerika, mupate pasipoti, muongee Kingereza paka mu ndoto, ile kitu haibadilike.

"Banakuja lini?" Kagabo akauliza.

"Baba hajabapatia siku. Anabazungusha. Lakini atabazungusha paka lini? Donc, weye uko na konje. Tuma Ruberwa, baba yako mukubwa. Akuje hii wiki."

"Nitamuambia. Acha nipumuzike kidogo kwanza."

"Kidogo ni nini?"

"Wiki. Wiki moja tu. Sijalala kama mutu tangu baridi."

Nyuma ya Uwera kulisikika sauti ya mumama muzee anaita mutu mwenye hakukuwa pale.

"Lala basi," akasema.

Hakusema na hasira. Kisha, wakati mambo yote yalikuwa yameharibika, ile njo Kagabo alikuwa anakumbuka: hakukuwa hasira.

Akaendesha paka Columbus, mu Linden, kwa yaya yake Aline, dada yake mukubwa. Ilikuwa nyumba ya kukodi, ngazi za mbele zinalia ukizikanyaga, na batoto batatu benye banajibu mama yao mu Kingereza. Aline akamupatia chumba cha nyuma, akapigilia blanketi ku dirisha, akaambia batoto: "Mwenye ataamusha mujomba wenu, nitamulisha sabuni." Kesho yake, muchana, ule mudogo akakuja ku jikoni akauliza, mu Kingereza chake, kama mujomba amekufa.

Ile wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Tuseme ukweli. Alikuwa anaamuka wakati bengine banarudi ku kazi, anakuta bugali, sombe na samaki, na maziwa ya kuganda yenye Aline anagandishaka mwenyewe mu ndoo, juu yale ya duka anayaonea haya. Anakula, anarudi kulala. Jioni anaenda kutazama vijana banacheza mupira. Siku moja akaingia naye, akakimbia kidogo, akatoka ameshika mbavu, na kiwanja muzima kikalia: "Infirmier, jitunze mwenyewe!" Siku ingine alichukua gari akaenda paka Clintonville, mu ile paki ya maua. Roza zilikuwa zimefunguka zote. Akaketi ku kiti cha mbao, akatazama bazungu bazee banatembeza imbwa, na hakuna hata mumoja mwenye alikuwa anabonyeza kengele. Akawaza: hata mutu akianguka pale, nitaita ambulansi kama kila mutu, na nitaendelea kuketi. Ile kiwazo ikamufurahisha paka akacheka peke yake, imbwa moja ikamugeukia.

Siku ya posho, ile Jumamosi, akaenda Reynoldsburg kwa Cyubahiro. Cyubahiro alikuwa rafiki yake tangu mu kampi ya bakimbizi. Siku hizi anapakia masanduku mu depo moja kubwa, na kinywa chake hakifungwe. Alikuwa amenunua mbuzi muzima kwa mukulima moja, anaichoma nyuma ya apatimenti, moshi inapanda paka jirani akafungua dirisha kuuliza kama banaunguza nyumba.

"Kagabo! Umeshanenepa. Uwera atakutambua kweli?"

"Atanitambua."

"Umetuma bazee?"

"Nitatuma."

"Nitatuma, nitatuma. Weye unaongea kama serikali yetu."

Batu bakacheka. Kagabo naye akacheka, mafuta ya mbuzi ku kidevu.

Wiki moja ikakuwa mbili. Si kusema alisahau. Lakini kumuomba Ruberwa kitu kama ile, hauwezi kumuambia mu mulango wa kanisa. Ruberwa alikuwa mukubwa wa marehemu baba yake, mutu wa kimo, mwenye anasikia polepole. Unapashwa kuenda kwake, Reynoldsburg, uketi saa zima, ukunywe chai, uulize habari ya kila mutu, halafu njo utoe neno. Na Kagabo, kila akiwaza ile saa zima ya kuketi mugongo wima, alikuwa anasema: kesho. Uwera akapiga simu, akauliza. Akapiga tena, akauliza. Mara ya tatu hakuuliza tena, akaongea tu juu ya hewa ya Buffalo.

Na kuko kitu ingine. Batu ba kanisa, bakisikia infirmier amerudi, banakuja. Mumoja anataka apimwe tension, ile presha, mwingine analeta kikopo cha vidonge anauliza ni ya nini, mwingine anavua soksi mu salon ya batu. Aline alikuwa anabarudisha ku mulango: "Yuko mu konje! Hata Mungu alipumuzika!" Lakini jioni moja yeye mwenyewe akaingia mu chumba cha nyuma, akasimama pale na kitambaa cha vyombo mu mukono.

"Kagabo, ni Bamurange."

Bamurange alikuwa mama mukwe wa Ruberwa, mumama muzee mwembamba, anaishi mule mwao.

"Iko nini?"

"Anasema miguu yake imevimba. Na akilala anakosa pumuzi, anaketi paka asubuhi. Anataka umuone."

"Bamupeleke ku hospitali."

"Amekataa. Anasema kule banamuongelesha mu simu, mutu wa kutafsiri anapiga kelele, hasikie kitu. Anasema anataka mutoto wa kwao."

Kagabo alijua miguu ya kuvimba na pumuzi ya kukosa inasema nini. Ku kazi angekimbia. Lakini alikuwa amelala chali, feni inamupepea, tumbo imejaa.

"Siku ya kwanza, Jumatatu, nitaenda," akasema. "Nitaenda pale hata hivi, niko na neno na baba mukubwa. Nitafanya yote mbili."

Akajisikia vizuri, kama mutu mwenye amepanga maisha yake.

Bamurange akafa siku ya yenga, mu kiti, wakati bengine bote bako ku kanisa banaimba.

Kilio ikaanza. Viatu vikajaa ku mulango ya Ruberwa paka ku ngazi. Bamama ndani, chini ku mikeka, banaimba. Banaume inje, mu viti vya kukunja, katikati ya magari. Batu bakakuja kutoka Louisville, bakakuja kutoka Texas, bakaleta masanduku ya maji na mifuko ya muchele. Na ilikuwa kilio ya murefu, juu vijana ba Bamurange babili balikuwa Nairobi banangoja visa, na hakuna mwenye angezika mama yao bila wao. Na paka mutu azikwe, paka bazee bainuke, mu nyumba kama ile habatajake ndoa. Mwenye alikuwa na tarehe anaisogeza. Mwenye alikuwa na furaha anaificha mu mufuko.

Hakuna mutu alimuambia Kagabo kitu juu ya miguu. Bibi ya Ruberwa, binti ya marehemu, alimushika mukono, akaushika wakati murefu, akamutazama na macho mekundu.

"Alikuwa anakungoja," akasema. Njo ile tu. Akarudi ku mukeka.

Kagabo akaketi inje na banaume. Akangoja siku moja, mbili. Simu ikatetemeka mu mufuko: Uwera. "Batu ya Maine bameuliza tena. Uko wapi?" Akasimama, akamufuata Ruberwa kando ya gari moja.

"Baba mukubwa, niko na neno moja."

"Kama ni kahawa, uliza batoto."

"Ni ya Buffalo. Kuko binti ya Sebineza. Nilikuwa nataka mutushikie irembo. Sasa kuko batu ya Maine benye..."

Ruberwa akainua mukono.

"Kagabo. Mule ndani kuko nini?"

"Kilio."

"Basi."

"Lakini kontra yangu itaanza, na bale batu habangoje..."

"Nimesikia," Ruberwa akasema. "Ngoja."

Akarudi ku kiti chake. Hakuangalia nyuma. Kagabo akabakia kando ya gari, na ile "ngoja" akaisikia kama mutu amemufungia mulango ku pua.

Kisha siku chache Uwera akapiga, anaongea chini chini. "Baba ameongea nabo usiku muzima. Alijifungia mu chumba. Sijui amebaambia nini, ametoka anafurahi."

"Anafurahi namna gani?"

"Kagabo, mimi najua? Anafurahi! Anaimba mu jikoni!"

Pale njo kichwa chake kilimutoka: akawaza muzee ameshaitikia batu ya Maine. Akaenda kumutafuta Cyubahiro ku depo, ku saa ya kutoka.

"Twende Buffalo," Cyubahiro akasema mbele hata amalize kueleza. "Mimi nitakuwa musemaji. Nimeona hii mambo mara ngapi? Nimeikariri."

"Weye si muzee."

"Nitavaa kofia."

Na akavaa. Asubuhi, siku ya posho, akatoka kwake na koti na kofia ya baba yake, kofia inamuangukia masikio. Kule Reynoldsburg banaume balikuwa mu viti vyao, Bamurange alikuwa angali mu friji ya batu ba mazishi, na kiti cha Kagabo kilikuwa tupu. Bakapita Cleveland, bakapita Erie, ziwa iko ku mukono wa kushoto, inang'aa kama bati. Cyubahiro anajaribisha maneno.

"Muzee Sebineza, siye tulikuwa tunapita, tukasikia harufu muzuri mu nyumba yako..."

"Usiseme harufu."

"Tukaona moshi, basi."

"Moshi ya wapi? Ni Buffalo!"

"Acha nifanye kazi yangu, bwana! Bwana harusi haongeake!"

Bakacheka paka gari ikayumba. Ilikuwa mara ya mwisho Kagabo anacheka mu ile konje.

Muzee Sebineza alikuwa anaishi ku West Side, étage ya pili ya gorofa, ngazi za mbao. Mutu murefu, mukavu, na adabu mingi. Alipofungua mulango akabaangalia babili, kisha akaangalia nyuma yao ku ngazi, kisha akatabasamu. "Karibuni, batoto. Karibuni sana." Uwera akaleta Fanta. Alibaona, na glasi zikagongana ku sinia. Akaziweka, akarudi mu jikoni, hakuinua macho.

Sebineza akauliza barabara. Akauliza mvua ya Ohio. Akauliza kazi. Halafu akauliza:

"Na Bamurange, mumeshamuzika?"

"Bado, muzee," Kagabo akasema.

"Bado." Akaweka glasi yake chini.

Cyubahiro akakohoa, akasogeza kofia. "Muzee, siye... Donc, muzee, siye ni batoto benu. Tulikuja. Tulikuwa tunapita. Tulikuja juu... Bon. Muzee, tulikuja kusalimia."

"Asante."

"Kusalimia, na pia..." Jasho ilikuwa inamutoka chini ya kofia. Akamuangalia Kagabo na macho ya mbuzi yenye imeona kisu.

Na Kagabo akafungua kinywa.

"Muzee, nilikuja juu ya Uwera. Nataka kumuoa. Nilikuja kushika irembo."

Mu jikoni, maji yenye ilikuwa inatiririka ikakatwa.

Sebineza hakukasirika. Akainuka polepole, akaenda ku dirisha, akaangalia chini mu barabara.

"Bazee wako bako wapi?" akauliza. "Banatafuta fasi ya kuweka gari?"

Aliuliza kweli, kama mutu mwenye angali anatumaini.

"Nilikuja mimi mwenyewe. Baba mukubwa yuko mu kilio."

"Najua yuko mu kilio. Alinipigia simu."

Kagabo akamuangalia.

"Mutu amefiwa," Sebineza akasema, angali ku dirisha, "nyumba imejaa batu, akatoka inje, akanipigia. Akaniambia: Sebineza, mwanangu anataka mulango wako, lakini siye tuko chini, tungojee tuinuke. Nikamuambia nitangoja. Ile siku, kijana, nilifurahi. Ruberwa ni mutu. Kisha nikapigia batu ya Maine, nikabazungusha usiku muzima na maneno muzuri, bakakubali kukaa kimya. Niliamuka naimba."

"Sikujua, muzee."

"Ungejua namna gani? Ni maneno ya bazee."

"Sasa, kama ulisema utangoja..."

"Nilisema nitangoja Ruberwa." Sebineza akarudi kuketi. "Sasa Ruberwa atakuja kusema nini hapa? Kijana wake ameshafika. Ametoka mu kilio, mwili haujaingia mu udongo, anakuja kutafuta bibi, yeye na rafiki yake. Ruberwa akisema neno mu kikao, batu batamuangalia hivi: ule mwenye mutoto wake hamungojeake. Na mimi nikikuitikia, bataniuliza: binti yako ulimupatia nani? Ule mwenye alimuruka maiti? Ile jina itamufuata Uwera mu kila kanisa, paka ku batoto bake."

"Muzee, naomba masamaha."

"Siko na hasira. Kunywa Fanta yako."

Na balipashwa kuikunywa, juu kuacha kinywaji cha mutu ni kumutukana mara ya pili. Bakakunywa. Sebineza akauliza Cyubahiro juu ya mupira. Cyubahiro akajibu, kofia mu mikono, sauti yake ndogo kama ya mutoto wa shule. Halafu muzee akabasindikiza paka chini, paka ku gari, akashika mukono wa Kagabo na mikono yake yote mbili, akasema basalimie batu, bakuwe na safari muzuri. Kule juu, dirisha ya jikoni ilikuwa imefungwa.

Habakuwa bamefika hata Erie na simu ya Aline ikaingia.

"Kagabo, umefanya nini?"

"Nani amekuambia?"

"Nani hajaniambia! Ruberwa anajua. Ameketi palepale, amezima simu yake."

Cyubahiro akatazama inje ya dirisha.

Vijana ba Nairobi bakafika na Bamurange akazikwa siku ya jua kali. Kagabo alisimama nyuma ya batu. Kisha mazishi akasogea kwa Ruberwa, amejitayarisha kutukanwa, na kweli alikuwa anataka atukanwe, mbele ya batu bote, juu mwenye banamutukana angali wa nyumba. Ruberwa akamupatia mukono.

"Asante kukuja," akamuambia. "Barabara ilikuwa muzuri? Kula mbele uende."

Vile banaambiaka mugeni.

Konje ilikuwa ingali na siku zake za mwisho, lakini mule mwa Aline hakuweza tena kulala. Kila ngazi ikilia alikuwa anawaza ni mutu anakuja kumuambia kitu, na hakuna mwenye alikuja, hata wa tension. Akapakia gari. Akaenda Buffalo mbele ya wakati, akakodi kachumba ku motel moja karibu na hospitali yenye angeanzia, na akamuandikia Uwera kwenye simu. Hakujibu siku muzima. Kesho yake akajibu: ku parking ya duka, saa ya kutoka ku kazi, dakika kidogo.

Akaingia mu gari na nguo zake za kazi, ananukia losheni ya bazee.

"Bamekuja," akasema. "Jana. Bazee sita. Irembo imeshikwa."

Kagabo akashika usukani, na gari ilikuwa imezimwa.

"Twende ku korti basi. Mimi na weye. Kesho banatuoza, habaulize bazee."

"Na mama yangu atapitia wapi ku kanisa? Na siku nitazaa, nani atakuja kuketi na mimi? Weye na Cyubahiro?"

"Hakuna mutu aliniambia kama Ruberwa amepiga simu! Angesema neno moja!"

"Hata mimi hakuna mwenye aliniambia. Alikuambia ngoja. Ungengoja tu." Akajipangusa uso na mukono wa nguo. "Lakini si ile. Ile si kitu. Nilikuambia mu mwanzo, tuma Ruberwa. Bamurange alikuwa muzima. Ulikuwa na wiki tano, Kagabo. Mimi sijue mutu mwingine hapa Amerika mwenye iko na wiki tano."

"Nilikuwa muchofu."

"Najua."

"Uwera, nilikuwa muchofu sana."

"Najua. Mimi naye niko muchofu." Hakusema na hasira hata sasa. Akafungua mulango.

"Ule wa Maine," Kagabo akauliza haraka, "unamupenda?"

"Nimemuona mu simu. Anacheka-cheka." Akawaza kidogo. "Usikuje ku kanisa yetu, nakuomba, s'il te plaît. Ziko zingine."

Akashuka, akapita katikati ya magari, akasimama ku kituo cha bisi na bale bengine, akatoa simu, akainamisha kichwa. Bisi ikakuja, ikamubeba.

Ilikuwa siku ya ine, Alhamisi. Kazi ilikuwa inaanza siku ya kwanza. Kagabo akapigia ajensi kuuliza kama anaweza kuanza mbele, hata kesho, hata usiku. Bakamuambia hapana, tarehe ni tarehe, apumuzike, atembee, Buffalo ni muzuri mu hii wakati. Miezi tatu ya Buffalo ilikuwa imeshapangwa. Kuivunja ni kuharibu jina lake na kule pia.

Akaketi ku kitanda. Akasimama. Akachukua nguo zake za kazi, zenye Aline alikuwa ameshamufulia na kuzipiga pasi, akazipeleka ku fasi ya mashini ya kufulia, ku kona, akazitia mu maji tena. Akaketi mbele ya kioo, akazitazama zinazunguka. Mumama moja mwenye alikuwa anakunja mashuka akamuuliza, na sauti ya upole, kama leo ni siku yake ya kupumuzika.

Akasema ndiyo.